Uzi, Gololi na Saa: Mwanafunzi wa Uhandisi Anapoingia Maabara

Jaribio la kwanza katika maabara ya uhandisi mara nyingi halihitaji hata umeme. Vifaa vyake ni uzi wa mita moja, gololi ya chuma iliyofungwa mwishoni, futikamba, na saa ya kubonyeza kama ya waamuzi wa riadha. Gololi huvutwa kando kidogo, ikaachiwa, ikabembea. Mwanafunzi huhesabu mibembeo, hupima muda, na kwa hesabu fupi hupata g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka: kila sekunde inapopita, kasi yake imeongezeka kwa mita ngapi kwa sekunde. Vitabu vya sekondari vilishamwambia kuwa jibu ni 9.81, au 10 pale mtunzi wa maswali alipomwonea huruma. Anaingia maabara akiwa na jibu mfukoni, na hapo ndipo mtego ulipo.

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, g si 9.81. Ni karibu 9.78. Dunia si duara kamili: imetuna kidogo kiunoni, imebonyea kwenye ncha zake, tena inazunguka, na mambo hayo kwa pamoja huufanya mvutano wake uwe hafifu zaidi maeneo ya ikweta. Kwenye ncha za dunia g hufika karibu 9.83. Ile 9.81 ni namba ya London na miji mingine ya Ulaya, kulikoandikwa vitabu vya mwanzo. Mwanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki anayekabidhi ripoti yenye 9.81 kamili ama kabahatika, ama kaandika alichokariri badala ya alichopima.

Tofauti hiyo ndogo ina historia yake. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa, Jean Richer, alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi tano hivi kaskazini mwa ikweta. Pendulamu ya saa yake, yaani uzani unaobembea kama ile gololi, ilihesabu sekunde sawasawa huko Paris, lakini Cayenne ilichelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi aifupishe kwa milimita chache. Angeweza kusema saa imeharibika safarini. Alirudia kupima kwa miezi kadhaa, namba ikabaki palepale, akaiandika kama ilivyo. Miaka 15 baadaye Isaac Newton aliitumia namba hiyo kama ushahidi kwamba dunia imetuna kiunoni. Wapo waliopinga kwanza wakidai ni joto la ikweta lililorefusha chuma, na swali lao lilikuwa la haki: joto hurefusha chuma kweli. Ilibidi lipimwe nalo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajafika chuoni mikono mitupu. Amefanya mtihani wa vitendo wa fizikia na kemia, na wapo wa miaka ya nyuma, wa shule zisizo na vifaa, waliofanya mtihani mbadala wa vitendo, uliowataka waeleze kwa kalamu jaribio ambalo huenda hawakuwahi kuligusa. Nchini Tanzania, kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014, ilikuja kuziba pengo hilo, ingawa jengo huinuka haraka kuliko vifaa na mafundi wa kuvitunza. Hata palipokuwa na vifaa, jaribio la shuleni huwa limekwishajulikana mwisho wake. Mtahiniwa hujifunza kulenga jibu, na namba zikigoma huzisukuma kidogo. Wanafunzi wenyewe hukuita huko kupika data. Neno limekaa vizuri: mpishi huanza na chakula anachotaka kukipakua.

Kazi ya maabara ya mwaka wa kwanza, kabla ya mitambo mikubwa na kompyuta, ni kuivunja tabia hiyo. Uhandisi hauna ukurasa wa majibu mwishoni mwa kitabu. Udongo wa kiwanja fulani, zege la siku fulani, waya wa kiwanda fulani, hakuna aliyeviandikia jibu kabla. Walimu wa uhandisi waliliona hili zamani. Mwaka 1878 Alexander Kennedy alifungua maabara ya uhandisi katika chuo cha University College, London, ili wanafunzi wavunje vyuma na kuendesha injini kwa mikono yao. Kabla yake wengi waliamini kwamba hesabu hufundishwa darasani, na mengine yote mtu atayaokota kwa fundi kiwandani.

Ni vyema kutofautisha maabara na karakana, maana mwaka wa kwanza mwanafunzi hupita zote mbili na mara nyingi huzichanganya. Karakana ni mahali pa kutengeneza: kuchomelea, kukereza, kupiga tupa. Kazi ikitoka safi, imeisha. Maabara ni mahali pa kuuliza. Kinachotoka humo ni namba, na namba haionyeshi kwa macho kama ni safi.

Sheria za mlangoni zinafanana. Viatu vya kufunika vidole, si ndala. Nywele ndefu, tai na ncha za mtandio vinafungwa au kuchomekwa. Miwani ya kinga inavaliwa panapovunjwa au kukatwa kitu. Zege linapopasuka hurusha vipande bila kuangalia nani amelipa ada. Chakula hakiingii. Swichi ya dharura hutafutwa kabla ya mtambo kuwashwa. Kanuni hizi hazihitaji falsafa. Zinahitaji fundi sanifu wa maabara mwenye sauti, na kwa kawaida yupo.

Kinachohitaji mazoea zaidi ni daftari. Daftari la maabara huandikwa kwa kalamu ya wino, palepale, siku ileile. Namba iliyosomwa huandikwa kama ilivyosomwa, pamoja na kipimio chake, jina na namba ya kifaa, tarehe na hali ya chumba. Ikikosewa hukatwa kwa mstari mmoja unaoiacha isomeke, na sababu huandikwa pembeni. Kuandika kwenye karatasi ya vitumbua kwa nia ya kunakili vizuri nyumbani ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu wakati wa kunakili ndipo mkono huanza kurekebisha. Aidha, ile namba iliyokatwa kwa aibu saa nne asubuhi ndiyo ambayo saa tisa alasiri hugundulika kuwa ilikuwa na maana.

Baada ya hapo kazi inaweza kuanza, na pendulamu itoshe kuwa mfano mrefu. Uzi wenye urefu wa mita moja hubembea, kwenda na kurudi, kwa sekunde 2 na kitu kidogo. Kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza saa kwa takriban sekunde 0.2, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi. Anayepima mbembeo mmoja tu, kwa hiyo, ana shaka ya 0.2 katika 2, yaani asilimia 10. Na kwa kuwa katika hesabu ya g muda huzidishwa kwa wenyewe, shaka hiyo huongezeka maradufu: asilimia 20 hivi. Jibu lake linaweza kuwa 8 au 12, na saa haina kosa lolote.

Njia ya kutoka ni rahisi. Mibembeo 20 inapimwa kwa pamoja. Saa inabonyezwa mara mbili tu, mwanzo na mwisho, kwa hiyo ile 0.2 sasa inagawanywa kwa sekunde 40: nusu asilimia kwenye muda, asilimia 1 kwenye g. Hii ni hatua kubwa, lakini bado haitoshi kutofautisha Dar es Salaam na London, kwa maana 9.78 na 9.81 zinapishana kwa asilimia 0.3 tu. Ikipimwa mibembeo 100, Dar es Salaam itachukua karibu sekunde 200.9 na London karibu 200.6. Baada ya dakika tatu na ushee za kuhesabu bila kupepesa, tofauti yote ni theluthi ya sekunde. Mwanafunzi aliyefika hapa ameelewa jambo ambalo mihadhara kumi isingempa: kabla ya kuuliza jibu ni ngapi, huulizwa jaribio lenyewe lina uwezo wa kuona nini.

Kuna pia makosa ya kitoto, nayo yana faida yake. Kikundi kinachosema “moja” gololi inapoachiwa, badala ya “sifuri”, huhesabu mibembeo 19 kikidhani ni 20. Jibu hutoka karibu 10.8. Mwalimu mzoefu akiona 10.8 hahitaji kuuliza. Anajua walianzia wapi kuhesabu. Kuvuta gololi mbali sana nako huleta kosa. Kanuni ya shuleni ni ya mbembeo mdogo. Gololi ikiachiwa kutoka nyuzi 30 muda wake hurefuka kwa asilimia 1.7, na hata nyuzi 10 huongeza karibu asilimia 0.2, kiasi kinachozidi tofauti ya muda kati ya London na ikweta. Maelekezo yasemayo “vuta kidogo tu” huonekana kama porojo mpaka mtu apige hesabu hiyo.

Makosa ya vipimo huwekwa katika makundi mawili, na kuyatenganisha ni nusu ya elimu yote ya maabara. Kundi la kwanza ni makosa ya kubahatisha: kidole kinachowahi mara hii na kuchelewa mara ile, upepo wa feni, jicho linalokadiria kati ya mistari miwili ya rula. Haya huenda pande zote, kwa hiyo kurudia husaidia. Vipimo kumi hutolewa wastani, na mtawanyiko wao huonyesha shaka ni kubwa kiasi gani. Ila kurudia kuna gharama: ili shaka ya wastani ipungue kwa nusu, vipimo lazima viwe mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana hakuna anayebembeza gololi mwezi mzima.

Kundi la pili ni makosa ya kudumu, na haya ndiyo yenye hila. Yanavuta upande mmoja kila mara. Mfano wa pendulamu ni urefu. Kanuni inataka urefu kutoka kwenye kishikio hadi katikati ya gololi, lakini uzi huishia juu ya gololi, na wengi hupima uzi. Gololi yenye kipenyo cha sentimita 2 humnyang'anya mtu sentimita 1, nayo ni asilimia 1 ya mita. Jibu huwa 9.68, na likirudiwa mara hamsini huwa 9.68 mara hamsini. Namba zinazokubaliana vizuri kiasi hicho humpa mpimaji ujasiri asioustahili. Mizani ya muuza nyama iliyochezewa hufanya vilevile: kilo yake ni ileile kila siku, na kila siku ni pungufu. Kwa sababu hiyo Wakala wa Vipimo nchini Tanzania hukagua mizani kwa mawe yaliyohakikiwa. Kuipimia mizani nyama ileile mara nyingi hakuwezi kuifichua. Inahitajika kulinganishwa na kitu cha nje.

Kulinganisha nako kunataka akili. Njia ya kale ya kuhakiki kipimajoto ni kukitia kwenye barafu inayoyeyuka, kisha kwenye maji yanayochemka, na kutarajia 0 na 100. Nairobi au Mbeya, miji iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hadi 95 hivi. Kipimajoto kizima kitasoma 94, na mwanafunzi aliyekariri 100 atakitupa. Au, vibaya zaidi, atakirekebisha.

Kosa la urefu wa gololi lina dawa nzuri, nayo ni grafu. Badala ya urefu mmoja, hupimwa urefu sita au saba, kuanzia sentimita 30 hadi mita moja. Kwa kila urefu muda wa mbembeo mmoja huzidishwa kwa wenyewe na kuchorwa dhidi ya urefu. Nukta hujipanga kwenye mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari huo ndio unaobeba g, na hauathiriwi na sentimita iliyosahauliwa, kwa sababu imesahauliwa kila mahali kwa kiasi kilekile. Kosa lenyewe hujitokeza kwingine: mstari haupiti kwenye sifuri. Ukirefushwa nyuma hukata mhimili wa urefu sentimita 1 kabla ya sifuri, yaani nusu ya kipenyo cha gololi. Grafu imetoa jibu na kumtaja mkosaji. Wapo wanafunzi wanaoulazimisha mstari upite kwenye sifuri kwa kuwa nadharia inasema upite. Hao wameziba mdomo wa shahidi.

Kusoma vifaa ni ujuzi mwingine unaodharauliwa. Rula ya kawaida inaaminika kwa milimita moja au nusu yake. Kalipa ya venia hushuka hadi sehemu chache za mia za milimita kulingana na aina, na maikromita hadi 0.01. Kila kimoja kina desturi zake. Maikromita hufungwa kwanza bila kitu ndani ili kuona kama inasoma sifuri; isiposoma sifuri, ziada hiyo huandikwa na kutolewa kwenye kila kipimo. Jicho hukaa mbele ya mstari, si kando, maana ukitazama kwa pembeni mshale huonekana umehama. Multimita hupimia volti ikiwa sambamba na kifaa, na hupimia mkondo ikiwa ndani ya njia ya mkondo; anayechanganya hivi viwili hujifunza bei ya fyuzi.

Faida ya usahihi huo huonekana kwenye nondo. Nondo inayouzwa kwa jina la milimita 12 ikipimwa ikakutwa ina 11.5, nusu milimita huonekana si kitu. Lakini nguvu ya nondo hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Nondo hiyo imepoteza asilimia 8 ya chuma, na karibu kiasi hichohicho cha uwezo wa kuvumilia kuvutwa. Ni hesabu ileile ya muda wa pendulamu, sasa ikiwa ndani ya nguzo ya nyumba. Mhandisi asiyeweza kusema 11.5 yake ina shaka ya kiasi gani hana la kubishana na muuzaji.

Afrika Mashariki ina kisa chake kuhusu majibu yanayojulikana kabla ya kupima, na kisa hicho kilianzia kwenye aiskrimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mkoani Tanga. Wanafunzi walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi humo ilikuwa ya kugombaniwa. Mpemba, akiogopa kuikosa, aliweka maziwa yake yangali moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa ya baridi. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, swali lake likageuzwa utani wa darasa zima.

Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama na kuuliza: ikiwa vyombo viwili vina maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikawekwa kwenye jokofu, kwa nini cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi chuoni alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate matokeo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hizo kwa pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linajulikana duniani kama athari ya Mpemba.

Ahadi ya fundi yule inachekesha, ila ndiyo desturi ya maabara nyingi za wanafunzi: jibu likipingana na kitabu hurudiwa, likikubaliana na kitabu huachwa. Anayerudia vipimo “vibaya” peke yake amekwisha kuegemea upande mmoja, hata kama hajadanganya mahali popote. Ama kila kipimo kirudiwe, ama hakuna.

Na kisa hakikuishia kwa ushindi wa mwanafunzi dhidi ya walimu, ingawa hivyo ndivyo kinavyopendwa kusimuliwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipoza maji kwa uangalifu mkubwa na hawakuiona athari hiyo kwenye vipimo vyao. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikihamishwa kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, mtu anaweza kuona athari ya Mpemba mahali isipo, kwa kuwa maji yanayopoa hayana joto sawa kila kimo. Wengine wanaendelea kuitafuta. Chombo gani, maji yapi, jokofu lina utandu wa barafu au halina, na “kuganda” ni nini hasa: barafu ya kwanza kuonekana, au maji yote kuwa jiwe? Swali lililoulizwa kwa sentensi moja limehitaji zaidi ya miaka 50 ya kubainisha masharti yake. Kwa mwaka wa kwanza ni vigumu kupata somo bora zaidi, na vifaa vyake ni vikombe viwili na jokofu.

Kutoka pendulamu mwanafunzi huhamia kwenye majaribio yenye utaratibu uliowekwa na viwango, na hapa wengi huchoka, kwa kuwa hakuna cha kugundua. Jaribio la zege ndilo la kawaida. Zege bichi hujazwa kwenye koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa fimbo. Koni huinuliwa wima polepole, na kiasi ambacho zege limeshuka hupimwa: hiyo ndiyo slampu. Zege hilohilo hujazwa kwenye maboksi ya milimita 150 kila upande, hufunguliwa kesho yake, huzamishwa majini, kisha hupondwa kwenye mtambo, mengine baada ya siku 7, mengine baada ya siku 28.

Kwa nini 25 na si 20? Kwa nini siku 28? Hakuna siri kubwa. Zege huendelea kukomaa hata baada ya mwezi, na siku 28 ni makubaliano. Lakini kama mmoja atashindilia mara 10 na mwingine mara 40, namba zao hazitakuwa zinazungumzia kitu kimoja, na mkandarasi wa Mwanza hataweza kuelewana na maabara ya Dodoma. Hata mwendo wa mtambo umewekewa kiwango, kwa sababu zege likigandamizwa haraka husoma nguvu kubwa kuliko likigandamizwa taratibu. Boksi hulazwa ubavu, uso uliosawazishwa kwa mwiko usielekee juu, maana uso huo hauko tambarare kama nyuso zilizogusa chuma. Zege la nguvu ya niutoni 25 kwa milimita mraba, kwenye uso wa milimita mraba 22,500, hupasuka kwenye kiloniutoni 562 hivi, sawa na uzito wa tani 57. Hata uso ukiwa na kibonge kidogo tu, mzigo huo hubebwa na sehemu moja na boksi hufa kabla ya wakati wake.

Tuseme boksi tatu zimetoa 31, 30 na 22. Wastani ni karibu 27.7, na anayetaka 25 anaweza kufunga daftari akaenda zake. Mwalimu mwema humzuia mlangoni. Ile 22 ilipasukaje? Boksi nzuri huvunjika ubavuni pande zote nne na kubakiza umbo kama piramidi mbili zilizogusana vichwa. Ikiwa ya 22 imemeguka kona moja, huenda ililazwa vibaya. Ikiwa imevunjika vizuri, basi huenda sehemu ya zege lile kweli ni dhaifu, na wastani unaficha habari mbaya. Kuitupa 22 kwa kuwa haipendezi hairuhusiwi. Kuitupa kwa sababu iliyoandikwa, huku ikibaki kwenye jedwali, inaruhusiwa.

Yote haya hufanyika katika hali halisi ya vyuo, ambako kifaa kimoja huzungukwa na wanafunzi wanane au kumi. Mmoja hugusa, mmoja huandika, waliobaki hupiga picha jedwali kwa simu. Wakati mwingine umeme hukatika zege likiwa katikati ya mtambo. Vikundi vikubwa haviwezi kwisha kwa tamko, lakini kupokezana majukumu kwa zamu husaidia: leo mpimaji, wiki ijayo mwandishi, wiki nyingine msimamizi wa usalama. Simu zenyewe, badala ya kupigia picha tu, zinaweza kuwa vifaa. Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mchapuko ndani yake, na programu ya bure kama phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, huonyesha namba zake. Simu iliyolazwa mezani husoma karibu 9.8. Mwanafunzi makini ataigeuza kifudifudi, aone kama namba imebaki ileile, na ikibadilika atakuwa ameshika kosa la kudumu la kihisi kwa mkono wake mwenyewe.

Pia jaribio lisilo na maelekezo ni muhimu, hata kama ni moja tu kwa mwaka. Karatasi inayosema fanya hiki, kisha hiki, kisha jaza jedwali, hufundisha utii. Swali la wazi kama “mpira huu hupoteza nguvu kiasi gani kila unapodunda?” humlazimu mwanafunzi aamue mwenyewe apime nini, kwa kifaa gani, mara ngapi, na aache nini. Vikundi vingi hupoteza saa nzima ya kwanza vikibishana. Saa hiyo haijapotea.

Mwishoni huja ripoti. Sehemu zake zinajulikana: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo, majadiliano, hitimisho. Utaratibu uandikwe kiasi kwamba mtu asiyekuwepo aweze kurudia. Matokeo yaandikwe kwa tarakimu zinazostahili; kikokotoo hutoa 9.7843162, lakini gololi na uzi haviwezi kusema hayo yote. Majadiliano ndiyo yenye alama nyingi na ndiyo huandikwa hovyo zaidi. Sentensi “makosa yalitokana na makosa ya kibinadamu” haina maana yoyote mpaka itaje kosa gani, liliivuta namba upande gani, na kwa kiasi gani.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyepima mibembeo 20 ataandika g = 9.75, jumlisha au toa 0.10. Ndani ya upana huo 9.78 imo, na 9.81 imo vilevile, kwa hiyo jaribio lake halikuweza kuchagua kati ya hizo mbili, naye atasema hivyo waziwazi. Kisha ataongeza kwamba kwa mibembeo 100, kuachia gololi kutoka nyuzi zisizozidi 5, urefu uliopimwa hadi nusu milimita na kurudia mara chache, shaka ingeshuka kutosha kuzitenganisha. Uzi bado unaning'inia pale dirishani, na maabara hufungwa saa kumi.